Risasi ya kilomita mbili na nusu haipigwi kwa jicho la mwewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni mwalimu mstaafu wa fizikia, naishi Kongwa, na jioni bado nafundisha vijana wa kidato cha tano na cha sita wanaokuja nyumbani kwangu na madaftari yao. Wiki tatu zilizopita mmoja wao alikuja na ukurasa wa gazeti lako ameubandika ndani ya jalada la daftari la fizikia. Ilikuwa makala ya wadunguaji wa kijeshi, wale wanaompiga mtu aliye mbali kwa kilomita mbili na zaidi. Mwandishi alieleza kwamba watu hao wamezaliwa na jicho la mwewe: wanamwona adui, wanalenga, wanafyatua, na risasi inakwenda moja kwa moja mpaka kifuani. Kijana akaniuliza, kwa heshima kabisa, "Sasa Mwalimu, kama ni jicho la kuzaliwa nalo, hizi hesabu ni za nini?"

Swali hilo limeninyima usingizi. Kijana mwenye akili, anayetoka nyumba isiyo na umeme, amesoma gazeti na kutoka humo akiamini kwamba jambo kubwa kama lile hufanywa na waliobahatika kuzaliwa hivyo, na yeye hayumo. Sijaandika barua hii kusifia kuua. Marehemu kaka yangu alikwenda vita vya Kagera mwaka 1978 akarudi mwaka uliofuata akiwa mtu mwingine, na nyumbani kwetu habari za risasi hazizungumzwi kwa kushangilia. Lakini gazeti likiamua kuzieleza, lizieleze zilivyo.

Tuchukue tukio moja ambalo taarifa zake zinajulikana. Novemba 2009, huko Musa Qala katika mkoa wa Helmand, Afghanistan, askari wa Uingereza Craig Harrison aliwapiga wapiganaji wawili wa bunduki ya rashasha akiwa umbali wa mita 2,475. Bunduki yake, L115A3, ilitoa risasi kwa kasi ya mita 936 kwa sekunde. Waliopiga hesabu za safari ile walipata kwamba risasi ilikaa hewani kama sekunde 6, ikaporomoka kama mita 120 chini ya mstari wa mtutu, na ilipofika ilikuwa imebakiwa na kasi ya mita 250 hivi kwa sekunde. Katika nishati iliyoondoka nayo, zaidi ya sehemu 90 kwa 100 zilikuwa zimeliwa na hewa njiani.

Mita 120, Mhariri. Chukua kiwanja cha mpira ukisimamishe wima juu ya mstari wa goli. Bado hakifikii kimo hicho. Maana yake mtutu haukuelekezwa kwa mtu yule hata kidogo. Darubini ilikuwa inamtazama mtu, mtutu ulikuwa unatazama mbingu iliyo juu yake, umeinuliwa karibu nyuzi 3. Risasi ilipanda, ikapita juu kuliko mbuyu wowote ulio huku kwetu, kisha ikashuka. Hakuna "moja kwa moja" hapo.

Jumamosi iliyofuata niliwachukua vijana saba mpaka barabara ya vumbi inayokatiza malisho. Tulikuwa na kamba ya katani ya mita 50 niliyoipima mwenyewe kwa futi ya fundi seremala. Tuliilaza chini mara 49 na nusu, tukianza saa kumi na mbili alfajiri ili tumalize kabla ya jua kali. Wawili tuliwaacha mwisho wa kamba: mmoja ameshika khanga nyekundu na kioo, mwingine ana rimu kuukuu ya gari na kipande cha nondo. Sisi tukarudi mwanzo.

Nikampa kila mmoja uzi wa kushonea. Nikawaambia: fumba jicho moja, nyoosha mkono, simamisha uzi wima mbele ya yule mwenye khanga. Uzi ulimfunika mwenzao mzima. Tuliporudi nyumbani tulipiga hesabu: mtu wa mita 1.7 aliye umbali ule, ukimlinganisha na kitu kilicho kwenye vidole vya mkono ulionyooshwa, kimo chake hakifiki nusu milimita. Upana wa kifua chake ndiyo kabisa, ni mdogo kuliko uzi. Hakuna mwanadamu aliyezaliwa na jicho la kulenga kitu hicho. Kuna vioo vilivyosuguliwa kiwandani, na kuna mtu aliyefundishwa kuvitumia.

Kisha tukampa ishara mwenye rimu. Kioo kilipowaka, kijana mwenye daftari akaanza kuhesabu sekunde kwa sauti, mwingine akiwa na saa ya simu. Moja, mbili, tatu. Alipofika sita alinyamaza mwenyewe, hakuna aliyemwambia. Mlio wa rimu ulitufikia baada ya sekunde 7 na kidogo. Wakaelewa bila mimi kusema neno kwamba risasi ya Musa Qala ilifika kabla ya mlio wake. Wakaelewa pia kwamba katika sekunde 6 mtu anayetembea kawaida huenda zaidi ya mita 8, kwa hiyo kinacholengwa si mtu bali ni mahali ambapo atakuwepo, kama atakuwepo.

Sasa niseme habari za upepo, na hapa naomba usinikate, kwa sababu hapa ndipo penye kazi yote.

Ipo kanuni ya zamani ambayo kijana wa kidato cha tano anaweza kuitumia bila kompyuta. Pima muda ambao risasi ilikaa hewani kweli. Toa muda ambao ingekaa kama kusingekuwa na hewa ya kuipunguza kasi. Tofauti hiyo izidishe kwa kasi ya upepo wa ubavuni, utapata risasi imesukumwa pembeni kiasi gani. Kwa Musa Qala: sekunde 6 zilizotumika, na mita 2,475 ukizigawa kwa 936 unapata sekunde 2.6. Tofauti ni sekunde 3.4. Kwa hiyo upepo wa mita 1 tu kwa sekunde, upepo ambao hautikisi jani, unaouona kwa moshi wa jiko tu, unaisogeza risasi mita 3.4 pembeni. Mtu ana upana wa nusu mita. Ukikosea kusoma upepo kwa kiasi cha pumzi, umemkosa, na hutajua hata vumbi limeruka wapi.

Anayeishi Dodoma anaujua upepo. Tunaujua wa mwezi wa saba unaokausha midomo, tunaujua unaobeba vumbi la Chamwino mpaka ndani ya sufuria. Lakini kuujua upepo ni kitu kimoja na kuupima ni kingine. Siku ile tulikuwa tumechomeka vijiti vitano kando ya barabara, kila kimoja na kitambaa cha khanga kuukuu. Saa mbili asubuhi upepo ulipoamka, tulipita kutoka kijiti hadi kijiti. Cha kwanza kitambaa kimelala. Cha pili, penye korongo, kinapiga kuelekea magharibi. Cha tatu kimelala tena. Cha nne kinapepea kurudi tulikotoka. Barabara ni moja, na mtu angesimama mwanzo wake akalowesha kidole na kusema leo hakuna upepo. Risasi inapita kwenye pepo zote hizo, na juu zaidi ya vijiti, kwa sababu katikati ya safari yake iko zaidi ya mita 30 kutoka ardhini, ambako upepo una habari zake nyingine. Upepo wa karibu na mpigaji unaipindisha njia mapema, na kosa linakua kadiri unavyokwenda mbali. Wa mwishoni unaikuta risasi imechoka.

Huko mbele hakuna vijiti wala vitambaa, kwa hiyo wadunguaji husoma mazigazi. Wasomaji waliowahi kusafiri barabara ya Manyoni mchana wa mwezi wa kumi wameyaona: lami inameta kama bwawa, ukikaribia halipo. Tuliazima darubini kwa jirani anayepeleka wageni Ruaha, tukaitazama barabara yetu saa tano jua lilipokuwa limeshika. Ukituliza darubini utaona hewa inatiririka kama maji kwenye mfereji, kuelekea kule upepo unakokwenda. Upepo ukiongezeka mtiririko unalala. Ukiona inachemka kwenda juu tu kama uji, basi ama hakuna upepo wa ubavuni, ama unavuma sawasawa na mstari wa macho yako. Nilimpa kila mmoja dakika tano. Msichana mmoja, mtulivu, ambaye darasani haongei, ndiye aliyesema kabla ya wengine, "Umegeuka, sasa unakwenda kushoto," na kitambaa kikageuka baada yake. Mimi nimefundisha miaka 31 na sikuwahi kumwona akisema kitu kwa uhakika kiasi kile. Kazi hiyo kijeshi ina mtu wake: ni mtazamaji anayelala pembeni ya mpigaji, na mara nyingi ndiye mwenye uzoefu mkubwa zaidi. Makala yenu haikumtaja hata kwa neno moja.

Kuna na hewa yenyewe. Musa Qala iko mita elfu moja na ushee juu ya usawa wa bahari. Dodoma nayo iko kama mita 1,120. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya kumi, na risasi inayosafiri sekunde 6 inaihisi tofauti hiyo. Jedwali lililopimwa pwani likiletwa hapa litaipeleka risasi juu mno. Hata joto la baruti lina neno: baruti iliyokaa juani huisukuma risasi kwa kasi kuliko iliyokaa kivulini, na kasi ikipotea kwa sehemu moja tu katika mia, kwa umbali ule risasi inashuka kama mita 2 chini zaidi. Umbali nao ukikosewa kwa mita 20 tu, risasi inapita juu au chini kwa kama mita 2. Ndiyo maana hupimwa kwa mwanga wa leza, haukisiwi. Na risasi ikishuka mpaka kasi ya sauti, kama mita 340 kwa sekunde, mawimbi ya mgandamizo yaliyoizunguka yanabadilika na inaweza kuanza kuyumba. Ile ya Harrison ilipita hapo na kuendelea chini yake.

Jambo lililowafurahisha sana vijana ni la dunia kuzunguka. Wakati risasi iko hewani, dunia haisimami kuisubiri. Kwa Musa Qala, kaskazini mwa ikweta nyuzi 32, tulipata kwamba mzunguko huo huisogeza risasi kulia kama sentimita 58. Tukapiga hesabu ileile kwa Dodoma, nyuzi 6 kusini: inakwenda kushoto, tena sentimita 12 tu. Walidhani basi, kwetu dunia haina shida. Nikawaambia wageuze karatasi. Kwa sababu tuko karibu na ikweta, kwetu mzunguko huo unaonekana kwenye juu na chini. Risasi inayopigwa kuelekea linakochomoza jua ingefika kama mita moja juu zaidi, inayopigwa kuelekea linakotua ingefika kama mita moja chini. Umbali uleule, bunduki ileile, tofauti ya mita 2 kwa sababu ya kugeuka tu. Kijana mwenye daftari aliandika hesabu hiyo pembeni ya makala yenu, kwa kalamu nyekundu, na sikumkataza.

Sisemi kwamba mwili hauna kazi. Nilipita Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria mwaka 1984, na siku ya kulenga shabaha risasi zangu zote zilikwenda chini kushoto. Afande alilala kwenye vumbi pembeni yangu akatazama mkono wangu, hakutazama shabaha. Akasema, "Unaogopa mlio, ndiyo maana unavuta. Usivute. Bana polepole, kama unakamua ng'ombe, mpaka ilie bila wewe kujua." Nimetoka nyumba ya ng'ombe, nilielewa papo hapo. Toa pumzi, ishie katikati, ubane wakati kifua kimetulia. Ile ilikuwa shabaha ya karibu, ya kuonekana. Kwa mita 2,475, mdomo wa mtutu wa mita moja ukicheza kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, unene wa unywele, risasi inahama sentimita 25. Mapigo ya moyo wako yanatosha kuihamisha. Utulivu huo haurithiwi, unajengwa kwa kulala chini kwenye vumbi siku nyingi na mtu mwenye subira pembeni yako.

Na hata mwenye utulivu huo wote, mwenye leza na majedwali, bado hukosa. Hili ndilo lililoniuma zaidi kulikosa kwenye makala. Harrison na mtazamaji wake walihitaji risasi kama tisa kupata umbali kabla ya zile zilizofika, na yeye mwenyewe alieleza kwamba siku ile hakukuwa na upepo, hali ya hewa ilikuwa ya wastani na kulionekana vizuri. Rob Furlong wa Kanada, aliyepiga mita 2,430 mwezi Machi 2002 katika bonde la Shah-i-Kot huko huko Afghanistan, alikosa ya kwanza, ya pili ikapiga mkoba, ya tatu ndiyo ikafika. Mwaka 1874 huko Texas mwindaji Billy Dixon alimwangusha mtu kutoka umbali wa mita 1,400 hivi, na maisha yake yote alisema ilikuwa bahati. Tangu wakati huo umbali umekua: mwaka 2017 Kanada ilithibitisha mita 3,540 nchini Iraki, na Novemba 2023 Ukraine ilitangaza mita 3,800. Watu hawa wanajua walikosa mara ngapi. Wanaoandika habari zao ndio wanaoficha.

Lawama si zenu peke yenu, nami nakiri sehemu yangu. Kwa miaka yote niliyosimama ubaoni nimewafundisha watoto mwendo wa kitu kilichotupwa, na kila swali limemalizika kwa sentensi ileile wanayoikariri kama sala: puuza ukinzani wa hewa. Mtoto anapata alama zote, kisha anatoka nje kwenye upepo wa Kongwa akiwa hana neno la kuusemea. Ukipuuza hewa, risasi ya Harrison ingefika kwa sekunde 2.6 ikiwa na kasi yake kamili, na upepo usingeigusa hata sentimita moja. Yote ya ajabu katika habari hii, kuanzia mita 120 mpaka sekunde za kusubiri, yako ndani ya kile tunachowaambia watoto wakipuuze. Ningetamani walimu wenzangu waifute sentensi hiyo angalau kwa kipindi kimoja. Hakuna gharama. Kamba, uzi, vitambaa, na barabara iliyonyooka, ambayo huku kwetu haikosekani.

Kwako Mhariri nina ombi moja. Chapisha hesabu ya upepo niliyoiandika hapo juu, ile ya kutoa muda kwa muda na kuzidisha, ukubwa uleule mliotumia kwa kichwa cha habari cha jicho la mwewe. Kijana ameacha nafasi kwenye jalada la daftari lake, upande wa pili, mkabala na makala ya kwanza. Ameniambia anasubiri.

Na kama mwandishi wenu atapenda kuja Kongwa, kamba bado ipo na vijiti hatujaving'oa. Afike kabla ya saa mbili asubuhi, maana baada ya hapo upepo unakuwa umeshaamka na rimu haisikiki vizuri.

Mwalimu mstaafu wa fizikia,
Kongwa, Dodoma